Usubi wa Mtoni: Viungo Vyake, na Njia ya Ugonjwa Anaoubeba

Ndugu msomaji, kama unakaa karibu na mto wenye mawe na maji ya mbio, mdudu huyu si mgeni kwako. Ni nzi mdogo mweusi, mgongo wake umeinuka kama wa mtu mwenye kibyongo. Anakuja mchana, hapigi kelele sikioni kama mbu. Anatua mguuni, na unapojisikia kuumwa yeye amekwisha kukata. Nyuma yake linabaki tone dogo la damu, kisha mwasho. Kila kabila lina jina lake kwa mdudu huyu. Katika somo hili tutamwita usubi. Ugonjwa anaoubeba waganga wanauita onkoserkozi, na watu wengi wanauita upofu wa mto.

Wengi wanaokuja hospitali wanadhani ya kwamba usubi anazaliwa na ugonjwa ndani yake, kama nyoka anavyozaliwa na sumu. Sivyo. Usubi anatoka majini akiwa safi. Minyoo anaowabeba amewapata kwa mtu: kwa baba, kwa jirani, kwa mvuvi aliyeumwa juzi kwenye jiwe lile lile. Tutazame mwili wake kiungo kwa kiungo, nawe utaliona jambo hili kwa macho yako. Tena utafahamu sababu gani unapewa vidonge hata kama bado unasoma Biblia yako bila miwani.

Ukimwua usubi bila kumponda, mweke juu ya karatasi nyeupe, mtazame kwa kioo cha kukuza. Urefu wake ni milimita mbili au tatu tu, sawa na mbegu ya ufuta. Mwaka 1903 Mwingereza F. V. Theobald alimwandika kitabuni kwa jina la Simulium damnosum. Neno la pili ni la Kilatini, maana yake ni mwenye kuleta hasara. Wakati ule hakuna aliyejua ya kwamba mdudu huyu anabeba minyoo. Jambo hilo lilionyeshwa mwaka 1926 na munganga Blacklock katika Sierra Leone. Leo inajulikana ya kwamba chini ya jina hilo moja kuna aina nyingi zinazofanana kama watoto pacha. Sisi hatuna haja ya kuzitenga. Mguuni zote zinauma namna moja.

KICHWA

Kichwa cha usubi kinaning'inia chini ya kibyongo chake. Sehemu kubwa ya kichwa ni macho mawili, na kila jicho limejengwa kwa vijicho vingi vidogo vilivyopangwa kama sega la nyuki. Kwa jike macho hayo yametengwa na paji la uso. Kwa dume yanagusana katikati, na vijicho vya juu ni vikubwa kupita vya chini, maana kazi yake ni kutazama juu na kumwona jike anayepita akiruka. Hivi unaweza kujua dume na jike kwa macho tu, kama una kioo kizuri na subira.

Mbele ya macho kuna pembe mbili fupi za kupapasia, kila moja ina vipande 11 vilivyofuatana kama shanga. Karibu na mdomo kuna vidole viwili, kila kimoja kina vipande vitano. Katika kipande cha tatu mna tundu dogo, kama pango. Kwa tundu hilo usubi ananusa hewa tunayotoa tunapopumua. Huwezi kujificha: pumzi yako inamwita, na macho yake yanapenda nguo nyeusi kupita nyeupe.

MDOMO

Hapa tutakaa kidogo, kwa maana shida yetu inaanzia hapa.

Mdomo wa mbu ni mrefu na mwembamba kama sindano. Mbu anauingiza ndani ya ngozi, anatafuta mshipa mdogo, anavuta damu kutoka ndani ya mshipa wenyewe. Usubi hawezi kufanya hivyo. Mdomo wake ni mfupi mno. Kwa hiyo hatoboi, anakata.

Mdomo wa juu una vijino kwenye ncha, unakaza ngozi. Chini yake kuna mataya mawili bapa, mwishoni yana meno kama msumeno, nayo yanapishana kama makasi. Kisha kuna visu viwili vyembamba ambavyo meno yake yanatazama nyuma, sawasawa na meno ya ndoana. Hivi vinaingia ndani ya kidonda na kushika, ili kichwa kisitoke. Katikati kuna ulimi wenye mfereji mwembamba unaoleta mate. Vyote vimefunikwa na mdomo wa chini, ulio laini na wenye nyama.

Mate hayo yanazuia damu isigande, tena yanafanya mishipa midogo ifunguke. Mwasho unaousikia baadaye ni mwili wako ukibishana na mate yake.

Makasi yakikata, mishipa midogo inapasuka, na damu inajaa katika kishimo kama maji yanavyojaa katika kisima ulichochimba mchangani kando ya mto. Usubi anakunywa kisimani humo kwa dakika chache, mpaka tumbo lake linavimba na kuwa jekundu.

Sasa ushike neno hili. Watoto wa mnyoo wa onkoserkozi hawakai katika damu. Wanakaa katika ngozi. Mbu anayevuta damu ndani ya mshipa anawapita bila kuwagusa, naye hawezi kubeba ugonjwa huu. Lakini mwenye mdomo mfupi, anayekata ngozi na kunywa kinachomwagika, anawameza pamoja na damu. Kama usubi angekuwa na sindano ya mbu, pengine hatungekuwa na vipofu wengi kando ya mito yetu.

Dume je? Mataya yake hayana meno ya kukata. Anakunywa maji matamu ya maua tu. Jike pia anayanywa ili apate nguvu ya kuruka. Damu anaitafuta kwa ajili ya mayai yake.

KIFUA NA MIGUU

Kibyongo cha usubi si kilema. Ni nyumba ya misuli inayopiga mabawa. Mabawa ni mapana, yanapitisha nuru, na mishipa yake minene iko karibu na ukingo wa mbele. Kwa mabawa hayo usubi anaweza kwenda kilometa nyingi kutoka mtoni, na upepo ukimsaidia anafika mbali sana. Kwa hiyo mtu asiseme, "Kijiji chetu hakiko ukingoni, sisi tuko salama."

Miguu ya mbele ina nyayo pana na bapa, na juu yake mstari wa nywele kama shungi la kuku. Mguu wa nyuma ni mweusi wenye kipande cheupe, kama mtu aliyevaa bangili. Hizo ni alama nzuri za kumtambua.

TUMBO, NA SAFARI YA MINYOO

Maji ya maua yanakwenda katika kifuko cha pembeni. Damu inapita moja kwa moja mpaka tumbo la katikati. Katika Amerika ya Kati kuna usubi wa aina nyingine ambaye kooni mwake mna meno madogo, na minyoo wengi wanajeruhiwa wanapopita hapo. Usubi wetu wa Afrika hana meno hayo kooni. Mlango uko wazi.

Lakini tumboni kuna kizuizi. Mara damu inapoingia, tumbo linaanza kutengeneza ngozi nyembamba inayoifunika damu yote kama mfuko. Minyoo wanaochelewa wanafungwa ndani ya mfuko huo na kufa. Wachache wenye haraka wanatoboa ukuta wa tumbo, wanapanda mpaka kifuani, na kuingia ndani ya misuli ya mabawa. Kila mmoja alikuwa mwembamba kama uzi, urefu wake karibu theluthi moja ya milimita. Mle ndani ya misuli anafupika na kunenepa, kisha anajivua ngozi mara mbili na kurefuka tena. Kazi hii inachukua siku sita mpaka nane kwenye joto, au zaidi kidogo kama kuna baridi. Usubi aliyemeza minyoo wengi mno anaumia naye, hata kufa mapema.

Mwisho mnyoo aliyekomaa anatoka kifuani, anakwenda kichwani, na kungoja karibu na mdomo. Usubi amekwisha kutaga mayai, ana njaa tena, anatua juu ya mguu wa mtu mwingine. Makasi yanakata. Mnyoo anatoka na kuingia kwa kidonda kile kile.

Basi hesabu mwenyewe. Usubi anayeuma mara ya kwanza katika maisha yake hawezi kukupa ugonjwa. Anaweza tu kuupokea. Anayeupeleka ni yule aliyekwisha kumwuma mtu mwenye minyoo, akaishi zaidi ya wiki moja baadaye. Hata akiishi muda wake wote, karibu mwezi mmoja, kama watu wote aliowauma hawakuwa na minyoo katika ngozi, atakufa mtupu kama alivyozaliwa.

KATIKA MWILI WETU

Kwa mtu mnyoo anakua polepole, karibu mwaka mzima. Jike anafika urefu wa sentimeta 30 mpaka 50, amejikunja ndani ya kinundu chini ya ngozi. Dume ni wa sentimeta tatu mpaka tano tu. Papasa nyonga zako na mbavu zako. Vinundu vigumu visivyouma mara nyingi ndivyo nyumba zao. Wanaishi humo miaka 10 mpaka 15, na kila siku jike anazaa mamia ya watoto. Watoto hao wanatembea katika ngozi na kuingia machoni. Wanaishi mwaka mmoja au miwili. Wanapokufa, mwili unapigana na maiti zao, na katika vita hivyo ngozi inawasha usiku na mchana, inakuwa ngumu, inapata madoa meupe kwenye miguu kama ya chui. Jicho linakuwa jekundu, linachukia nuru, na kioo chake cha mbele kinageuka cheupe. Jicho likifika huko, dawa hairudishi nuru yake.

Munganga Jean Hissette, Mbelgiji, aliwaona vipofu hao kando ya mto Sankuru na kuandika habari zao mwaka 1932. Watu wa huko walikuwa wamekwisha kujua ya kwamba mto unapofusha. Walikuwa hawajui njia tu.

Nasema hayo kwa sababu ya neno moja linalovunja nyumba zetu. Katika nyumba moja baba anapofuka, kisha mjomba, kisha kijana wa miaka 30. Watu wanauliza, "Nani anawala macho?" Wanamtazama bibi mzee aliyebaki akiona. Ndugu zangu, nyumba hiyo ina shamba moja kando ya maporomoko. Wote wanapalilia pamoja, wanaloweka mihogo mahali pamoja, wanaumwa na usubi wale wale mwaka kwa mwaka. Bibi mzee huyo ana hatari ile ile, naye anahitaji vidonge kama ninyi. Wengine wamefukuzwa kijijini kwa ajili ya kosa la mdudu wa milimita tatu. Na kanisani pia maneno hayo yanasemwa, tusijidanganye.

SABABU GANI MAJI YA MBIO?

Jike anataga mamia ya mayai jioni, juu ya majani na mawe yanayolowa maji. Buu anayetoka ana umbo la chupa ndogo, nyuma mnene, mbele mwembamba. Kwenye mkia ana duara la ndoana ndogo nyingi. Kwa mate yake anafuma kitambaa kidogo cha hariri juu ya jiwe, kisha anashikiza ndoana zake hapo, kama mtu anayefunga mtumbwi. Chini ya kifua ana mguu mmoja mfupi wenye ndoana pia. Akitaka kuhama anashika kwa mguu huo, anavuta mkia, anashika tena, kama kiwavi anayepima tawi la mti. Adui akija, anajiachilia na kuning'inia majini kwa uzi wake.

Kichwani ana mafagio mawili ya nyuzi nyembamba. Anayafungua kama wavu, na mto wenyewe unamletea chakula: vumbi, vimelea, na vipande vidogo vya majani. Wavuvi wa Wagenia pale Kisangani wanasimamisha mitego yao katikati ya maporomoko, na maji yanawaletea samaki. Buu wa usubi anafanya kazi hiyo hiyo, juu ya mawe yale yale. Maji yakisimama, mafagio yake hayapati kitu, naye anakosa hewa pia. Kwa hiyo huwezi kumkuta katika dimbwi wala katika mtungi. Kufukia madimbwi na kufunika mitungi ni kazi njema juu ya mbu, lakini usubi hajali.

Baada ya wiki moja au mbili buu anajifumia kifuko chenye umbo la kiatu cha kuvaa nyumbani, mdomo wake unafuata maji yanakokwenda. Mle hali chakula. Anapumua kwa nyuzi za kifuani. Baada ya siku chache ngozi inapasuka, na usubi mkamilifu anapanda ndani ya povu la hewa mpaka juu ya maji, anaruka bila kulowa. Safi, kama tulivyosema.

Katika milima ya mashariki kuna usubi mwingine, Simulium neavei na ndugu zake, ambao mabuu yao yanapanda juu ya kaa wa mtoni na kusafiri naye. Watu waliyatafuta miaka mingi juu ya mawe bila kuyaona, mpaka mwaka 1950 wataalamu katika Kenya walipoandika ya kwamba yako mgongoni mwa kaa. Huko Kenya walimaliza usubi huyo kwa kutia dawa ya DDT mitoni.

Hapa Congo pia ilijaribiwa. Mwaka 1948 DDT ilimwagwa kwenye maporomoko ya Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, na usubi wakapungua sana. Lakini Congo ina mito mingi kupita hesabu, na DDT inaharibu samaki na viumbe wengine. Hatuwezi kuosha kila mto. Inabaki njia nyingine, ile ambayo mdomo wa usubi umetuonyesha: tuondoe minyoo katika ngozi, naye akija kunywa asikute kitu cha kubeba.

VIDONGE

Dawa inaitwa ivermektini. Satoshi Ōmura wa Japani na William Campbell walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa ajili yake. Tangu mwaka 1987 kampuni ya Merck inaitoa bure kwa ugonjwa huu. Kwa hiyo mtu akikuuzia vidonge hivyo wakati wa kugawa, mshtaki kwa munganga. Havipimwi kwa umri bali kwa urefu: mgawa-dawa anakusimamisha kando ya fimbo yenye alama, na unapata kidonge kimoja mpaka vinne.

Unauliza, "Nilikunywa mwaka jana, sababu gani ninywe tena?" Kwa sababu dawa inaua watoto wa mnyoo walio katika ngozi, lakini mama aliye ndani ya kinundu haimwui. Inamzuia kuzaa kwa miezi kadha, kisha anaanza tena. Unapaswa kumshinda kwa subira: kila mwaka, na mahali pengine mara mbili kwa mwaka, mpaka azeeke na kufa. Hiyo ni miaka 10 mpaka 15. Mwenye afya akikataa, ngozi yake inabaki shamba ambalo usubi wa kijiji kizima wanavuna. Waganga wanataka watu wasiopungua 80 katika kila 100 wa kijiji wanywe, kwa miaka yote hiyo. Nchi ya Niger ilifanya hivyo, pamoja na kutia dawa mitoni, na mwaka 2025 Shirika la Afya la Dunia lilithibitisha ya kwamba ugonjwa huu hauenezwi tena huko. Ni nchi ya kwanza ya Afrika.

Baada ya kunywa, wengine wanavimba kidogo, wanawashwa, wanasikia homa siku moja au mbili. Hiyo ni kazi ya kuondoa maiti nyingi katika ngozi. Si sumu.

Lakini kuna watu ambao hawapashwi kunywa siku hiyo: mama mwenye mimba, mama aliyezaa katika wiki hiyo, mtu aliye mgonjwa sana, na mtoto ambaye hajafika sentimeta 90. Na neno hili ni la lazima katika nchi ya msitu. Kuna mnyoo mwingine, Loa, anayeletwa na nzi mkubwa wa msituni. Wakati mwingine anaonekana akipita juu ya weupe wa jicho, na mikono inavimba bila sababu kisha inapona. Mtu mwenye watoto wengi wa Loa katika damu akinywa ivermektini anaweza kuumwa vibaya kichwani, hata kuzimia na kufa. Kama umewahi kuona mnyoo akitembea jichoni mwako, mwambie mgawa-dawa kabla hujafungua kinywa, aje nawe hospitali tupime damu yako. Damu hiyo inatolewa mchana, kati ya saa nne asubuhi na saa nane, wakati watoto wa Loa wanapojaa katika damu. Ukija usiku tutakuomba ulale hapa.